Maswali ya Wasomaji: Mwanamke wa Kisikh na Nywele Asizozinyoa

SWALI: Ndugu Mhariri, kazini kwetu yuko binti wa Kisikh ambaye tumezoeana sana. Ana malaika meusi, yaani vinyweleo laini, juu ya mdomo na mikononi, nyusi zake zinakaribia kukutana, na hajawahi kuzitinda hata mara moja. Wenzetu humsengenya. Katika siku yake ya kuzaliwa nilimpa kifaa cha kunyolea, kizuri na cha bei, naye akanirudishia kwa upole akisema kwamba nywele zake zimo katika ahadi aliyoifunga na Mungu. Mimi nilidhani sharti hilo ni la wanaume wao wenye vilemba. Je, ni dini kweli, au anaona haya kwenda saluni? Na nimsaidieje? (Mwenzake wa Kazini)

JIBU: Ndugu yangu, ni dini, na alichokwambia kilikuwa jibu kamili. Katika sikukuu ya Vaisakhi ya mwaka 1699, huko Anandpur katika eneo la Punjab, kaskazini mwa India, Guru Gobind Singh, ambaye ni guru (yaani mwalimu na kiongozi wa dini) wa kumi wa Wasikh, aliasisi jumuiya ya waumini waliokula kiapo inayoitwa Khalsa. Anayeingia humo hunywa amrit, yaani maji yenye sukari yaliyokorogwa kwa upanga wenye makali kuwili huku sala zikisomwa, na tangu siku hiyo huishi na alama tano: kesh, ambazo ni nywele zisizokatwa, kangha, kitana kidogo cha mti, kara, bangili ya chuma, kachera, kaptura ya ndani, na kirpan, upanga mfupi unaovaliwa ubavuni.

Amrit hiyo haina ya kiume wala ya kike. Mwanamume hupewa jina la Singh na mwanamke jina la Kaur, lakini masharti wanayoyakubali ni mamoja. Mwongozo wa maisha ya Wasikh, Sikh Rehat Maryada, ulioidhinishwa mwaka 1945 na kamati kuu inayosimamia gurdwara, yaani nyumba za ibada za Wasikh, za Punjab, umeweka makatazo manne makubwa kwa aliyekula kiapo, na la kwanza kabisa ni kuzivunjia nywele heshima. Uzinzi na tumbaku vimo katika orodha hiyohiyo. Mwongozo huo pia unawaagiza wazazi waziache nywele za watoto wao kama zilivyo, wa kiume kwa wa kike. Ila kilemba ndicho ambacho mwanamke ameachiwa hiari: akitaka atafunga, asipotaka atajitanda mtandio. Nadhani hapo ndipo wewe na wengine wengi mlipopotea, kwa sababu kilemba cha mwanamume huonekana kutoka ng'ambo ya barabara, ilhali kiapo cha dada yake hakionekani mpaka mtu amsogelee.

Wala sharti halikomei kichwani. Kwa aliyekunywa amrit, unywele wa nyusi, wa juu ya mdomo, wa kwapani na wa mguuni una hadhi sawa na ule anaousuka au kuufunga fundo utosini. Waumini hueleza kwamba Mungu aliuumba mwili ukiwa umekamilika, na kwamba kuuacha ulivyo ni njia mojawapo ya kuyakubali mapenzi yake kila siku, hata siku ambazo kioo hakimfurahishi mtu. Hilo si wazo la pembeni. Katika sala yao ya pamoja, Ardas, huwakumbuka wale walioitunza imani pamoja na nywele zao hadi pumzi ya mwisho, na mapokeo yao yanamtaja Bhai Taru Singh, aliyeuawa Lahore mwaka 1745, kuwa alikubali kuchunwa ngozi ya kichwa kuliko kukatwa nywele. Binti aliyeisikia sala hiyo tangu utotoni hawezi kuuona wembe kama wewe unavyouona.

Hata hivyo, usawa wa sheria si usawa wa mzigo. Kijana wa Kisikh mwenye ndevu hutazamwa kama mwanamume aliyekomaa. Dada yake, kwa kutii sharti lilelile, huchekwa darasani, hukodolewa macho kwenye basi, na pengine huambiwa na shangazi zake mwenyewe kwamba hatapata mchumba. Mwaka 2012 mtu mmoja nchini Marekani alimpiga picha kwa siri mwanafunzi wa Kisikh wa chuo kikuu cha jimbo la Ohio, mwenye kilemba na ndevu kidogo, akaisambaza mtandaoni ili watu wamcheke. Mwanafunzi yule hakutukana. Alijibu kwa jina lake mwenyewe kwamba anauona mwili wake kuwa zawadi takatifu, na kwamba atakapokufa watu watayakumbuka aliyoyatenda kuliko sura yake. Aliyeisambaza picha ile aliomba radhi hadharani. Nchini Uingereza, Harnaam Kaur, ambaye ndevu zake zimetokana na ugonjwa wa homoni, aliacha kuzinyoa akiwa kijana baada ya kupokea amrit, na mwaka 2015 akaingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa mwanamke mwenye umri mdogo zaidi aliyefuga ndevu kamili.

Ningependa pia ujiulize kwa nini zawadi ile ulidhani ni ya kawaida. Huko Marekani, kampuni ya Gillette ilianza kuwauzia wanawake wembe wao maalumu mwaka 1915, na matangazo ya biashara ya miaka iliyofuata yaliwafundisha mamilioni ya wanawake kulionea haya kwapa ambalo mama zao hawakuwahi kulifikiria. Watu wa mataifa mengi walinyoa mwili tangu kale, sikatai, lakini hili la kumwona asiyenyoa kuwa mchafu limechochewa sana na mwenye wembe wa kuuza. Usafi huletwa na maji na sabuni, na nywele zilizooshwa ni safi kama ngozi iliyooshwa.

Msaada anaouhitaji kwako ni mdogo. Wenzenu wakianza kumsengenya, usicheke nao. Mmoja akikuuliza kwa nini hanyoi, mwambie kwamba ni imani yake, kisha rudini kwenye kazi. Usimpe pole, maana hakufiwa. Na kama zawadi unataka kumpa bado, kitana kizuri cha mti kitamfaa, kwa kuwa dini inayomkataza kukata nywele inamwagiza pia azichane na kuzitunza.

SWALI: Jirani yangu ni mama wa Kisikh, ana bangili ya chuma mkononi na haikosi gurdwara siku ya ibada, lakini nyusi zake zimetindwa na nywele zake amezikata mabegani. Binti yake mkubwa, kinyume chake, hataki hata uzi wa kutindia umguse usoni. Nani kati yao ni Msikh wa kweli? (Jirani)

JIBU: Mimi si mwenye kulijibu hilo, na sidhani kuwa wewe pia unapaswa kulijibu. Ninaloweza kukueleza ni kwamba si kila Msikh amekunywa amrit. Aliyekula kiapo huitwa amritdhari. Yupo asiyekula kiapo lakini anazitunza nywele zake. Na wapo wengi, hasa mijini na ughaibuni, wanaozikata huku wakiendelea kusali, kutoa sadaka na kuhudumu katika jiko la gurdwara. Huenda jirani yako hajawahi kukiweka kiapo ambacho unamshuku kukivunja. Huenda binti yake amekiweka, na mama anamtazama kwa fahari iliyochanganyika na hofu.

Mjadala huu umewahi kufika mahakamani. Chuo kimoja cha udaktari cha Kisikh mjini Amritsar kilikataa kumpokea msichana katika nafasi zilizotengwa kwa Wasikh, kwa kuwa alikuwa ametinda nyusi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana ilikiunga mkono chuo, ikisema kwamba kutokata nywele ni nguzo ya msingi ya dini hiyo. Kisheria uamuzi huo unaeleweka, kwa kuwa taasisi ya dini ina haki ya kueleza ni nani anayestahili nafasi zake. Lakini nauona mzito mno kwa msichana wa umri ule, na ninajua kwamba ndani ya jumuiya yenyewe wapo wanaosema nyusi zisigeuzwe kipimo cha moyo. Kiapo kina thamani kwa sababu mtu amekiweka kwa hiari. Anayelazimishwa na baba yake kuacha nywele na anayelazimishwa na marafiki zake kuzinyoa, wote wawili wamenyang'anywa kitu kilekile.

SWALI: Mimi ni muuguzi mwanafunzi. Mgonjwa wa Kisikh anayesubiri upasuaji wa tumbo amekataa kunyolewa, na ana nywele nyingi kidevuni. Je, tuendelee hivyohivyo? Na nywele hizo si dalili ya ugonjwa? (Mwanafunzi wa Uuguzi)

JIBU: Kuhusu wembe, mgonjwa wako amewatangulia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaelekeza kwamba kabla ya upasuaji nywele zisiondolewe, na ikilazimu kabisa zipunguzwe kwa mashine ya kukatia, kamwe zisinyolewe kwa wembe, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo midogo ambayo huweza kuwa mlango wa vijidudu. Mwambieni daktari wa upasuaji mapema, si mgonjwa akiwa tayari mezani. Iwapo sehemu fulani ni lazima ipunguzwe, aonyeshwe ni wapi na kiasi gani, akubali mwenyewe, na mashine isivuke mpaka wa sehemu hiyo.

Kuhusu kidevu, kiasi cha nywele hutegemea sana ukoo, na wanawake wengi wa Asia ya Kusini huwa na malaika meusi yanayoonekana bila ugonjwa wowote. Kinachostahili kuchunguzwa ni nywele nene zinazoota mahali ambapo kwa kawaida huwaota wanaume, pamoja na hedhi isiyo na mpangilio, chunusi nyingi, unene wa ghafla au ugumu wa kushika mimba, kwani chanzo cha kawaida huwa ni mvurugiko wa homoni unaoambatana na vifuko vingi kwenye ovari. Nywele zikiongezeka kwa kasi na sauti ikawa nzito, asicheleweshwe kuonana na daktari. Mvurugiko huo wa homoni huhusiana pia na kisukari, kwa hiyo mwanamke asiyenyoa anastahili kupimwa sawa na yule anayenyoa. Kosa ninalolihofia ni la mhudumu anayesikia neno dini na kufunga faili. Vidonge vya kurekebisha homoni havikati unywele wowote, na mgonjwa anaweza kuitibu hali yake bila kugusa ahadi yake.

Bangili ya chuma msiivue bila kumwuliza. Ikiwa haiko upande unaopasuliwa, mara nyingi hutosha kuifunika kwa plasta, ila daktari akitaka kutumia kifaa cha umeme mweleze mgonjwa kwa nini inabidi itoke, kisha mpe mwenyewe au jamaa yake aishike. Kichwa chake kifunikeni kwa kofia safi ya chumba cha upasuaji kabla ya kumwondolea mtandio, na kitana chake kiwekwe mahali ambapo atakifikia akizinduka.