Kuzima kompyuta usiku au kuiacha ikiwaka: jibu kwa mdau wa Donholm

Ndugu, umesema umenunua kompyuta ya mezani ya ex-UK, yaani iliyokwisha kutumika Uingereza, kwa ajili ya masomo ya watoto na kazi za mama watoto. Shemeji yako anashikilia kwamba isizimwe kamwe kwa sababu kuwasha ndiko kunakoua mashine, naye mama watoto analalamika tokeni za stima zinaisha upesi. Wengi hapo juu wamekujibu kwa neno moja, zima au acha. Mimi ni fundi. Nilianzia kwenye saiba, duka la intaneti, kule Umoja kabla simu hazijatunyang'anya wateja, na sasa natengeneza mashine za watu. Jibu langu ni hili: usiku izime, mchana ilaze (ile Sleep), kisha ugeukie soketi ya ukutani, maana hapo ndipo mashine nyingi za Nairobi zinapofia.

Shemeji hakulitoa hewani neno lake. Balbu za zamani zilikuwa na tabia ya kuungua pale pale unapobonyeza swichi. Diski za zamani nazo, kichwa cha kusomea kilitua juu ya sahani yenyewe kila mashine ilipozimwa, na kila kuwasha kulikwaruza kidogo. Lakini hata hizo, watengenezaji wengi walizihesabia kuanza na kusimama mara 50,000. Ukiwasha na kuzima mara mbili kwa siku, hizo ni mara 730 kwa mwaka. Utapata wajukuu na hesabu haijafika nusu. Kama yako imewekewa SSD, ile diski ya kisasa ya chipu, humo hakuna kinachozunguka kabisa. Ni kweli kupata joto na kupoa kunachosha lehemu kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ila kwa mashine ya nyumbani karibu kila mara kuna jambo jingine linaloitangulia kuiua.

Sasa mama watoto. Kompyuta ya namna hiyo ikiwa imekaa tu bila kazi nzito, pamoja na monita yake, tuiwekee wati 60. Kwa saa 24 hiyo ni karibu yuniti moja na nusu, na kwa mwezi ni yuniti 43. Tuseme yuniti ni shilingi 30 pamoja na kodi na tozo: hapo umeteketeza 1,290 kwa mwezi. Ukiitumia saa tano kwa siku na kuizima, ni yuniti 9, shilingi 270. Ukiilaza badala ya kuizima, inakula wati mbili tatu tu, kama shilingi 50 zaidi kwa mwezi mzima. Kwa hiyo ugomvi wenu usiwe kati ya kulaza na kuzima. Kinachomaliza tokeni ni kuiacha macho usiku kucha ikimulika ukuta.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye hesabu hiyo. Nyumba inayokula chini ya yuniti 30 kwa mwezi iko kwenye daraja la bei ya chini kabisa, kuanzia 30 hadi 100 unapanda, ukipita 100 unapanda tena, na daraja hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Kompyuta hiyo peke yake, ikiachwa, inakutoa kwenye daraja la chini hata kama huna friji. Kama mko kwenye ploti mnayochangia mita moja, hapo ndipo majirani huanza kusalimiana kwa nusu mdomo.

Haya, soketi. Stima ikipotea haiui kompyuta. Inayoua ni stima ikirudi. Wote mnajua inavyorudi: inawaka, inazima, inawaka tena, taa zinafifia halafu zinang'aa kupita kiasi, huku friji za mtaa mzima zikianza kuvuta kwa pamoja. Fungua pawa saplai ya mashine yoyote, kile kisanduku kinachopokea stima ya ukutani (iwe imechomolewa na kukaa, tafadhali, kapasita zake zinahifadhi stima ya kukurusha) uangalie karibu na pale waya wa ukutani unapoingilia. Utaona kijidude cha duara, kinene kidogo, mara nyingi cheusi au kijani. Kikiwa baridi kinaubana mkondo, ili kapasita kubwa zilizo jirani zijae taratibu. Kikishapata moto kinaachia, maana kazi yake imekwisha. Stima ikikatika na kurudi baada ya sekunde mbili, kijidude bado ni moto, kapasita zimeshaanza kuwa tupu, na mkondo unaingia wote kwa mkupuo. Fyuzi ikikatika, una bahati. Mara nyingi napokea saplai ambayo kapasita imevimba kichwa au dayodi zinazobadilisha stima ya ukutani zimepasuka, na mwenyewe anaapa mashine ilikuwa nzima jana jioni.

Ndiyo maana mashine iliyoachwa ikiwaka usiku iko hatarini kuliko iliyozimwa. Usiku umelala, stima inachezacheza saa tisa, na hakuna wa kwenda kuzima swichi. Na hatuzungumzii stima ya mtaa wako peke yake. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kwenye kituo cha kuzalisha stima cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani.

Tena kuzima kwa kitufe pekee hakutoshi. Kompyuta iliyozimwa lakini swichi ya soketi imewashwa bado ina stima ndani. Kuna sehemu ndogo ya saplai inayokesha ikisubiri kitufe kibonyezwe, na stima mbaya inaweza kupitia hapo hapo. Kwa hiyo bonyeza na swichi ya ukutani. Mafundi wenzangu wengine watakupinga, na wana hoja: ukikata stima ukutani kila usiku, betri ile ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi ndiyo inabaki kuendesha saa peke yake, na mashine za ex-UK huja na betri zilizochoka. Siku moja utawasha ukute tarehe imerudi miaka mingi nyuma, na kivinjari kinakataa kufungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kikidai muunganisho si salama. Watu huita fundi wa intaneti, wengine wananunua ruta mpya. Ni saa tu imepotea, kwa hiyo vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana kana kwamba bado havijaanza kutumika. Betri hiyo ni bei ya soda moja au mbili pale barabara ya Luthuli mjini. Saplai si bei ya soda. Mimi nachagua kubadilisha betri.

Ukiweza, nunua kifaa cha kulinda chenye kuchelewesha, kama kile cha friji. Stima ikirudi, kinasubiri dakika chache hadi itulie ndipo kiiachie. Hakikisha tu ni kile cha vifaa vya kielektroniki, na kwamba wati zake zinatosha mashine na monita pamoja. UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia stima ikipotea, ni bora zaidi kwa mama watoto, hasa kama ana kazi za kupiga chapa za wateja wa Marekani zinazomfanya akeshe. UPS ndogo itampa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima, haitampa usiku mzima. Betri yake huchoka baada ya miaka miwili mitatu bila kusema, kwa hiyo mara moja moja chomoa UPS ukutani mashine ikiwa imewaka na hakuna kazi muhimu, uone kama inasimama.

Kuna kitu cha bure pia. Ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, tafuta kipengele cha mashine ifanye nini stima ikirudi, uchague ibaki imezimwa. Nyingi zilizotoka maofisini ziliwekewa kujiwasha zenyewe, na huku kwetu hiyo maana yake ni kuamka katikati ya vurugu zile zile.

Aliyesema hapo juu kwamba anazima kila siku na bado Windows ni nzito, sikia. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukizima kwa njia ya kawaida mara nyingi kiini cha mfumo hakizimwi, kinahifadhiwa kwenye diski ili kesho mashine iwake haraka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya utendaji wa prosesa, utaona mashine uliyoizima jana ikidai imekuwa macho wiki nzima. Ukichagua Restart ndipo kila kitu kinaanza upya. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, na kila baada ya masasisho.

Vumbi nalitaja kwa kifupi. Feni inayozunguka usiku na mchana inavuta vumbi mara nyingi zaidi ya ile ya saa tano, na vumbi la Eastlands mnalijua. Mende nao wanapenda saplai yenye joto la kudumu. Nimezifungua nyingi zenye familia nzima ndani.

Laptopu ina betri yake, hiyo ilaze tu, ila usiitie kwenye mkoba ikiwa imelala. Zingine huamka zenyewe humo na kujichemsha njia nzima hadi mtaa wa Tom Mboya mjini. Ruta iache, ulaji wake ni mdogo, mradi ipitie kifaa kile kile cha kulinda.

Ukikwama kwenye BIOS, andika modeli iliyo kwenye kibandiko cha mashine. HP na Dell kipengele hicho hukificha sehemu tofauti.