Nasimama kama Chanderpaul, mbona natolewa mapema?

SWALI: Napiga kriketi kwa mkono wa kushoto. Nimeiga msimamo wa Shivnarine Chanderpaul wa West Indies, kifua kikimwelekea mrushaji. Mipira ya nje, inayopita mbali na mwili, inagusa ukingo wa gongo na kudakwa nyuma. Nikiifuata, natolewa kwa mguu mbele ya wiketi, yaani mpira unagonga mguu ulioziba zile nguzo tatu nyuma yangu. Nakosea wapi?

JIBU: Umeiga mwanzo, ukaacha mwisho. Chanderpaul alisimama wazi ili macho yote mawili yamwone mrushaji bila kupinda shingo, lakini hakupiga akiwa hivyo. Mpira ukikaribia kuachiwa, mguu wa nyuma ulisogea kuelekea nguzo ya nje (ile ya wiketi iliyo upande wa mbali na miguu ya mpigaji), wa mbele ukafuata, bega la kulia likaugeukia mpira. Wakati wa kupiga alikuwa amekaa ubavu kama mpigaji mwingine yeyote.

Wewe unachelewa. Mpira ukiachiwa mguu wako ungali hewani, bega hubaki wazi na gongo huja mshazari. Hapo ndipo ukingo unapoguswa. Ukiharakisha kufidia, kichwa kinavuka nguzo ya nje, mwili unaangukia huko, na pedi inabaki mbele ya wiketi.

Mtu akurushie mipira kutoka hatua kumi na mbili. Katika kila mipira sita, mara mbili azungushe mkono bila kuachia, nawe ugande papo hapo. Nyayo zote mbili ziwe chini, kichwa kiwe juu ya nguzo ya nje, kisiivuke. Ukishindwa, punguza uwazi wa mguu wa mbele kwa nusu, maana safari ya kurudi ubavu inakuwa fupi. Usione haya kupunguza.

Weka pia alama. Chanderpaul alichukua kijiti kidogo kinacholazwa juu ya nguzo za wiketi na kukigongomea ardhini kwa gongo lake, apate kusimama palepale kila mara. Mtu anayesogea bila kujua alikoanzia hawezi kujua nguzo yake iko wapi, wala mpira upi wa kuuacha upite. Na kuacha ndiko kulikombeba: mwaka 2002, dhidi ya India, alipiga kwa jumla ya zaidi ya saa 25 bila kutolewa. Alimaliza mechi 164 za Testi, zile za kimataifa za siku nyingi, kwa mikimbio 11,867, wastani wa 51.37 kwa kila kutolewa. Wala si msimamo wa kujihami tu. Mwaka 2003 mjini Georgetown aliifunga Australia mikimbio mia kwa mipira 69.

Kama ukisimama ubavu unauona mpira vizuri tangu mkononi mwa mrushaji, rudi huko. Msimamo huu humfaa anayepata shida ya kuona.