Saba Saba moja, mambo kibao: majibu ya maswali yenu kuhusu tarehe 7 Julai

Toka tugusie maonesho ya Saba Saba kwenye toleo lililopita, maswali yamemiminika kuhusu hii tarehe, mengi yanafanana kwa hiyo nimeyaunganisha. Kila ukikuta matukio mawili yamekaa siku moja, jiulize kwanza kitu kimoja: hii tarehe ilichaguliwa na watu au imejitokezea tu? Karibu maswali yote ya wiki hii yanaishia hapo.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nimekulia Mbagala, Saba Saba kwangu ni maonesho pale Barabara ya Kilwa, foleni na watoto kulilia kupelekwa. Sasa kazini tuna Mkenya anasema Saba Saba ya kweli ni ya kwao, watu walikufa. Hivi nani kaiga kwa mwenzake? (Kijana, Mbagala)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jina lenyewe ni tarehe tu, siku ya saba ya mwezi wa saba, kwa hiyo yeyote anayeongea Kiswahili angeiita hivyohivyo, na ya kwako ni ya kweli na ya mwenzako ni ya kweli pia.

Ya kwetu ndo kongwe. Tarehe 7 Julai 1954, hapahapa Dar, pale mtaa uliokuwa unaitwa New Street ambao leo ni Lumumba, chama cha TAA (Tanganyika African Association) kiligeuzwa kuwa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. TAA nayo ilitokana na African Association ya mwaka 1929, na Mwalimu Nyerere alikuwa ameshachaguliwa kuiongoza mwaka 1953, huku bado anafundisha Pugu, yaani mtu anafundisha halafu anakuja mjini kwenye mikutano. Wanaohesabiwa waasisi wa TANU ni watu 17. Kumi na saba tu! Machi 1955 Mwalimu akaenda New York kuongea mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, aliporudi akaacha ualimu, mwaka huohuo Bibi Titi Mohamed akaanza kuwaingiza wanawake kwenye chama kwa wingi, na kutoka siku ile ya Julai mpaka bendera ya Mwingereza inashushwa 9 Desemba 1961 ni miaka 7 na miezi 5. Mi naomba kabisa, ukimpeleka mtoto maonesho mwaka huu, kabla hamjaanza kuzunguka mabanda mwambie kwa nini viwanja vile vina jina la Mwalimu, maana watoto wengi wa siku hizi wanajua Saba Saba ni sehemu ya kununua vyombo kwa bei ya ofa, basi. Siku yenyewe ilikuwa ya TANU, ikaja kuwa ya wakulima, baadaye wakulima wakahamishiwa Nane Nane na Saba Saba ikabaki na biashara.

Sasa ya Kenya. Mei 1990 Kenneth Matiba, aliyewahi kuwa waziri, na Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, walijitokeza hadharani kudai vyama vingi wakati KANU ndo chama pekee kinachoruhusiwa. Wakatangaza mkutano uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai. Serikali ya Rais Moi ikakataa kibali, na siku chache kabla Matiba na Rubia wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi. Watu wakaenda hivyohivyo. Ilikuwa Jumamosi, polisi wakawatawanya, vurugu zikasambaa mpaka miji mingine kwa siku kadhaa na watu wakauawa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na afya yake haikurudi tena kama zamani. Lakini Desemba 1991 kile kifungu cha 2A cha katiba, kilichofanya Kenya kuwa ya chama kimoja, kikafutwa, na Desemba 1992 wakapiga kura ya vyama vingi, Matiba akashika nafasi ya pili kwenye urais. Kwa hiyo mwenzako akisema ile siku ina uzito muelewe, kwao ni siku ya damu.

Na kuna kitu hapa ambacho mimi kinanigusa sana: siku ileile ambayo Wakenya wanapigwa kwa kudai vyama vingi, sisi huku tulikuwa mapumziko tunasherehekea kuzaliwa kwa chama, na sisi wenyewe bado tuko chama kimoja. Mwaka huohuo Mwalimu alishaanza kusema hadharani suala la vyama vingi lijadiliwe, 1991 ikaundwa tume ya Jaji Nyalali kukusanya maoni ya wananchi, na tarehe 1 Julai 1992 mfumo ukarudi. Nchi mbili jirani, njia mbili tofauti kabisa.

SWALI: Siku ya Kiswahili Duniani kuwekwa 7 Julai ni kwa sababu ya TANU au wameangukia tu? Wanafunzi wangu wameniuliza nikababaika. (Mwalimu, Temeke)

JIBU: Mwalimu, hawajaangukia. UNESCO walipitisha kwenye mkutano wao mkuu Paris tarehe 23 Novemba 2021, na sherehe ya kwanza ikawa 7 Julai 2022. Kiswahili ndo lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa siku yake na UNESCO, waambie wanafunzi wako walibebe hilo kifua mbele. Tarehe ilichaguliwa kwa kuangalia TANU, maana chama kile kilifanya Kiswahili kiwe lugha ya kupigania uhuru, mtu wa Songea anamwelewa mtu wa Musoma bila mkalimani.

Waongezee na hii ambayo watu wengi wanaisahau: Jumuiya ya Afrika Mashariki tuliyonayo leo, baada ya ile ya zamani kuvunjika 1977, mkataba wake ulisainiwa Arusha 30 Novemba 1999 na ukaanza kufanya kazi tarehe 7 Julai 2000. Kenya, Uganda na sisi.

SWALI: Mwanangu kazaliwa 7 Julai. Shoga yangu ananiambia hiyo siku ina mkosi, eti mabomu ya London, eti rais wa Haiti kauawa, sasa kila nikikumbuka nakosa amani. Kuna ukweli? (Mama, Tabata)

JIBU: Hakuna, dada yangu, kaa na amani yako na mtoto wako. Matukio aliyoyataja ni kweli. Asubuhi ya 7 Julai 2005 mabomu yalilipuka kwenye treni tatu za chini ya ardhi na basi moja jijini London, wakafa watu 52 bila kuhesabu wale wanne waliojilipua, na tarehe kama hiyo mwaka 2021 Rais Jovenel Moïse wa Haiti alivamiwa usiku nyumbani kwake akauawa. Naweza hata kukuongezea, 7 Julai 1937 risasi zilirushwa karibu na daraja la Marco Polo nje ya Beijing, na hapo vita kubwa ya Japani na China ikaanza.

Ila anayetafuta mkosi anaokota mabaya tu. Siku hiyohiyo ya 2005, huko Gleneagles, Scotland, wakubwa wa G8, yaani kundi la nchi nane zenye uchumi mkubwa, walikuwa kikaoni na viongozi kadhaa wa Afrika akiwemo Rais Mkapa, ajenda ikiwa misaada na madeni, na Tanzania ikawa kwenye kundi la nchi 18 za kwanza kufutiwa madeni na mashirika ya kimataifa. Tarehe 7 Julai 1978 visiwa vya Solomon vilipata uhuru. Tarehe 7 Julai 1985 kijana wa miaka 17, Boris Becker, alichukua ubingwa wa tenisi wa Wimbledon. Na kwa wenye mpira wao, fainali ya Kombe la Dunia 1974 ilichezwa 7 Julai, Ujerumani Magharibi 2 Uholanzi 1, ile michuano ambayo Zaire ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika. Hata ile Jumamosi ya 1990 ya Kamukunji, jioni yake kule Roma waimbaji wa opera Pavarotti, Domingo na Carreras waliimba pamoja jukwaa moja kwa mara ya kwanza, watu wakishangilia kesho yake ni fainali ya Kombe la Dunia. Nairobi mabomu ya machozi, Roma muziki, tarehe moja. Hayo mawili hayana uhusiano wowote na huwezi kuyaunganisha hata ukitumia nguvu.

Sababu ni hesabu tu. Mwaka una siku 365, ukiweka ya Februari 29 ni 366, na historia ina maelfu kwa maelfu ya matukio, lazima yabanane. Ona mfano huu: wakikaa watu 23 tu chumba kimoja, uwezekano wa wawili kati yao kuwa na siku moja ya kuzaliwa unazidi asilimia 50, na wakifika 57 unafika asilimia 99. Lijaribu kwenye kikoba chenu. Kwa hiyo shoga yako mpe tarehe yoyote anayoipenda, hata ya harusi yake, vifo na vita utavipata na uhuru na makombe utayapata.

SWALI: Nasikia Armstrong alikanyaga mwezini 20 Julai 1969, ila babu yangu anang'ang'ania ilikuwa 21. Nani sahihi? (Kijana, Kigamboni)

JIBU: Wote, na babu yako mpe heshima yake, kumbukumbu yake iko vizuri. Kule Houston ilikuwa bado usiku wa tarehe 20, lakini hapa Dar ilikuwa ishafika saa 12 kasoro dakika 4 alfajiri ya tarehe 21. Ndo maana ukilinganisha matukio angalia na saa za mahali. Hata huyo rais wa Haiti aliuawa kama saa 7 usiku kwao, hapa tulikuwa saa 2 asubuhi tunaingia kazini.

Kalenda nazo zinachanganya. Waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania wote wanaandikiwa kufa 23 Aprili 1616, ila Uingereza ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani na Hispania ishahamia mpya, tofauti siku 10, kwa hiyo ukiona wameandikwa wamekufa siku moja ujue hawakufa siku moja.

SWALI: Klabu yetu ya historia inaandaa chemsha bongo, tupe tarehe nyingine moja tu ya nyumbani. (Mwanafunzi, Ubungo)

JIBU: Chukueni 5 Februari. Chama cha ASP (Afro-Shirazi) kilizaliwa Zanzibar 5 Februari 1957, Azimio la Arusha likatangazwa 5 Februari 1967, na TANU na ASP zikaungana kuwa CCM 5 Februari 1977. Miaka kumi kumi. Ile ya 1977 ilipangwa makusudi, ndo uzuri wa swali lenu, waulizeni washiriki ipi kati ya hizo ilichaguliwa kwa kuangalia zilizotangulia. Na mkipata nafasi nendeni Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi, ombeni magazeti ya wiki ile ya Februari 1967, mtakuta Azimio limetangazwa na kesho yake tu benki zinataifishwa.