Barua kwa mwanangu: mwaka ule wa sabuni

Mwanangu,

Ndaga fijo kwa ujumbe wako. Niliusoma jana usiku mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Nikaanza kukujibu kwenye simu vidole vikanishinda, na mambo yenyewe si ya kuandika kwa kidole gumba. Nimechukua lile daftari la baba yako la hesabu za chai, kurasa za nyuma bado nyeupe. Kijana wa basi la Dodoma atakuletea, umpe soda.

Umeniuliza hivi: "Mama, mwaka 1984 ninyi wananchi wa kawaida mlikuwa upande wa nani, wa Sokoine au wa wafanyabiashara?" Unasema kila ikifika Aprili 12, siku aliyofariki Sokoine, ofisini kwenu mnabishana mpaka chai inapoa. Swali zuri, ila limekaa kama la mtihani wa kuchagua. Mimi nilikuwa na miaka 14, darasa la saba, mtoto wa huku Tukuyu ambako hata kamba ya kuanikia nguo ina ukungu. Nani aliniuliza upande?

Mnanicheka wewe na dada yako nikisema, lakini nitasema tena: nchi usiitazame redioni, itazame dukani. Duka la kijiji chetu lilikuwa na kaunta ndefu, mizani, na muuzaji. Bidhaa ndizo hazikuwepo. Vita ya Kagera ilipokwisha mwaka 1979 Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Tukafunga. Miezi 18 ikapita na mkanda ukabaki palepale, kwa sababu hata wa kubadilisha haukuwepo. Chakula kwetu hakikuwa shida, wewe unajua, ndizi, maharage, maziwa. Ndugu zetu wa Dar es Salaam ndio waliokuwa wanakula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano, na kutuandikia barua za huzuni. Shida yetu ilikuwa chumvi, mafuta ya taa, nguo, na sabuni. Hasa sabuni. Shangazi yako wa Kyela alikuwa anafulia majani ya mpapai. Sisi huku kwenye baridi mpapai wenyewe unaota kwa kusitasita.

Sasa, ili nikujibu 1984 lazima nianzie 1983, na 1983 sipendi kuianza. Nilikuwa nimepanga nikueleze tu habari za bajeti. Basi.

Sokoine alirudi kwenye uwaziri mkuu Februari mwaka huo, na Machi ikaanza ile operesheni ya wahujumu uchumi. Redio ikawa ni majina na magunia: fulani kakutwa na sukari, fulani na mabati, fulani na vitenge kwenye dari. Watu wenye vitu wakaanza kuvitupa usiku, vichakani na mitoni. Sisi wanafunzi tulisimuliana kwamba mto Kiwira umekuwa mtamu, na kuna mwenzetu alienda na kikombe.

Babu yako wa Kasumulu (kwangu ni mjomba, unajua alivyo, hakai kitako) alikuwa anavuka mto Songwe kwenda Karonga. Kule Malawi vitu vilikuwepo, na watu wa ng'ambo ni ndugu zetu, lugha moja, msiba mmoja, sema tu mto umepita katikati. Akipeleka mchele anarudi na sabuni. Hakuwa tajiri. Nimekaa nikahesabu miaka yote hii, na hesabu ni ileile: miche 11 ya sabuni, doti mbili za kanga, na dumu moja la mafuta ya kula. Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyewaonyesha.

Ilikuwa Julai, baridi kali. Bibi yako alikuwa shambani, mimi nimembeba mama yako mdogo mgongoni. Wakaja balozi wa nyumba kumi, mgambo wawili, na mtu mmoja mwenye koti ambaye hatukumjua. Huyo wa koti hakufoka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, angefoka ningenyamaza. Alikuwa na sauti ya mwalimu mzuri. Akanitazama sare yangu, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, akasema, "Binti, mbona nyeupe hii inang'aa hivyo? Mnafulia nini?" Mwanangu, shule nzima hakuna aliyekuwa na blauzi kama yangu. Nikajibu kwa maringo, "Sabuni! Mjomba anatuletea." Akasema hebu tuone. Nikawapeleka mwenyewe mpaka chini ya kitanda, nikavuta gunia.

Waliondoka na gunia, na wakasema mwenye vitu asipojitokeza kabla ya giza watamchukua mwenye nyumba, yaani bibi yako. Habari zilimfikia mjomba akiwa njiani. Kuvuka Songwe lilikuwa jambo la saa chache kwake, angekaa kwa ndugu zake mwaka mzima akila samaki. Alikuja. Alifika jioni, akanawa miguu, akala, akaenda nao. Mimi nilijificha jikoni.

Bibi yako hakunichapa. Angenichapa ningeshapona. Alichofanya, Jumamosi ile alichukua sare yangu akaifua kwa maji ya majivu, na Jumamosi iliyofuata pia, mpaka blauzi ikawa na rangi ya maziwa yaliyolala. Nikaenda nayo shule hivyo hivyo.

Mjomba alikaa mahabusu Tukuyu, kisha wakampeleka Mbeya. Wakati ule kesi hizo zilikuwa na baraza lake maalumu la kuzisikiliza, mahakama za kawaida ziliwekwa pembeni. Yeye hata kwenye hilo baraza hakufika. Aliachiwa Februari 1984 bila kesi na bila maelezo, na vitu havikurudi. Alikuwa amekonda hata mbwa wakambwekea.

Kwa hiyo ukiniuliza Januari ile ilikuwaje Jumbe alipojiuzulu na Mwinyi akachukua urais wa Zanzibar, nitakwambia ukweli: nilikuwa namuwaza mtu wa Mbeya. Nakumbuka tu redio ilivyosema hali ya hewa ya kisiasa imechafuka Visiwani, na watoto wa Tukuyu tukashangaa kwamba hali ya hewa chafu nayo ni habari.

Aprili 12 ilikuwa Alhamisi. Mvua yetu ile ya Aprili unaijua. Redio ya mjomba betri zilikuwa zimekufa. Watu walikuwa wanazianika juani zipate uhai kidogo, na kwa kuwa jua hatukuwa nalo sisi tuliziweka kando ya figa. Jioni mjomba akaiwasha redio. Ndipo Mwalimu mwenyewe akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kwamba Waziri Mkuu amefariki kwa ajali ya gari akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Dakawa, Morogoro. Miaka 45. Niliona ni mzee. Leo nimempita kwa miaka kumi.

Nitakuambia kitu ambacho sikumwambia hata baba yako. Nilifurahi. Nilikuwa mtoto, na kichwani mwangu Sokoine na yule mtu wa koti walikuwa mtu mmoja. Nikageuka kumtazama mjomba, kama mtoto anayesubiri ruhusa ya kucheka. Mjomba alikuwa analia. Si machozi ya kufuta kwa kiganja, analia kama wanaume wa Kinyakyusa wanavyolia kwenye msiba wa baba. Akatoka nje akasimama chini ya migomba, mvua yote juu yake.

Bibi yako akamfuata mlangoni. "Unamlilia aliyekufunga?"

Akasema, "Dada, kule ndani walituambia tuvumilie, walanguzi wakubwa nao wanakuja. Nilikuwa nawasubiri. Sasa hawaji tena."

Hilo hapo ndilo jibu langu kuhusu upande, kama unalitaka. Likatae au lipeleke ofisini kwenu, mimi nimeshindwa kulipanga kwenye A au B.

Maana nikianza kumlaumu Sokoine najikuta namtetea. Walanguzi walikuwepo, nisikudanganye, kuna watu walificha chumvi huku watoto wa jirani wanakula maharage chukuchuku. Na yule mtu hakujilimbikizia, hata wasiompenda hawakusema aliiba. Halafu nikimtetea nakumbuka miche 11. Viwanda vilikuwa havina malighafi, nchi haina fedha za kigeni, na sabuni ambayo haijatengenezwa huwezi kuikuta chini ya kitanda cha mtu hata upekue vijiji vyote vya Rungwe. Wiki chache maduka yalijaa vilivyokamatwa, watu wakashangilia, kisha kaunta ikabaki na mizani yake. Nilikwambia nini kuhusu dukani?

Baada ya msiba mambo yalikwenda haraka. Aprili hiyohiyo Salim Ahmed Salim akawa Waziri Mkuu. Mwaka uleule Bunge likatunga sheria nyingine ya uhujumu na kesi zikarudi Mahakama Kuu. Haki za binadamu nazo zikaingizwa kwenye Katiba, ingawa kuzidai mahakamani tuliambiwa tungoje mpaka 1988, kama mtu anayekununulia kiatu halafu anakiweka kabatini mguu ukue. Mjomba alicheka sana alipofafanuliwa hilo.

Kilichotugusa sisi ni bajeti ya Juni. Waziri wa Fedha alikuwa Msuya. Shilingi ilishushwa kutoka kama 12 kwa dola hadi 17, ruzuku ya sembe ikaondolewa, wa mjini wakalia. Lakini pia wakasema mwenye fedha zake za nje alete bidhaa, hataulizwa kazipata wapi. Hataulizwa! Mjomba alimwomba mwalimu wangu amsomee gazeti mara tatu. Kile ambacho kwa miche 11 kilimla miezi saba, wengine sasa wanaruhusiwa kwa makontena. Mimi namshukuru aliyeruhusu, maana sweta langu la kwanza la mtumba, la kijani lenye kulungu kifuani, ndilo lililonipeleka sekondari bila kutetemeka. Kafa Ulaya, tuliziita hivyo, tukiamini mwenyewe kafa kweli. Nilimwombea marehemu wangu kila usiku. Lakini mtu akiniambia 1984 ni mwaka tulioanza kupumua, namwambia pumua wewe, kuna aliyelipa pumzi hiyo na hakurudishiwa hata dumu.

Januari 1985 nilipokwenda kuanza kidato cha kwanza, mjomba alinisindikiza mpaka stendi. Muda wote tangu atoke hakuwahi kuniuliza habari ya gunia. Nilijua anajua, balozi alikuwa na mdomo. Basi lilipowasha akanipa kifurushi cha gazeti dirishani. Mche mzima wa sabuni, na karatasi ndogo imebanwa juu yake. Akasema, "Hii ina risiti. Wakikuuliza, waonyeshe."

Alikuwa anatabasamu. Mpaka leo sijui lilikuwa tabasamu la namna gani. Nililia hadi Uyole, na kondakta akadhani naogopa shule.

Ile sehemu ya pili ya ujumbe wako, kwamba wenzako wanasema Sokoine hakufa kwa ajali, aliuawa. Serikali ilisema ajali, dereva wa gari lile jingine alikuwa mkimbizi kutoka Afrika Kusini, akashitakiwa. Hayo ndiyo yaliyotangazwa. Kwenye misiba na vilabuni watu wamesema mengine kwa miaka arobaini. Mimi nina langu moyoni, na nikianza kuliandika hapa kalamu itakwenda tu. Siliandiki. Nimeshawahi kujibu swali la kiungwana nikiwa nimejiamini, na unajua lilivyoishia.

Unasema Desemba utakuja na simu yako umrekodi babu akusimulie. Njoo. Masikio yamepungua, ukae upande wa kulia, na umuite Babu, usimwite Mzee, anakasirika. Mwulize habari za Songwe na Karonga, atasema mpaka ulale. Habari ya gunia usiianzishe wewe. Akiianzisha mwenyewe, uzime simu usikilize, halafu uje uniambie alivyosema.

Umletee betri za redio, zile kubwa, hizi ndogo za Kichina anazitupa. Sukari kilo mbili, majani ya chai usihangaike, tunayo. Sabuni usilete. Hiyo nampelekea mwenyewe, kila mwisho wa mwezi.

Mama yako.