Jibu: Mdogo wangu kapangiwa shahada ya Ustawi wa Jamii, aende au abadili?

Mkuu, umesema nyumbani wanamkatisha tamaa kwamba ni kozi ya kugawa misaada. Aende, ila ajue anachokwenda kusomea.

Wengi wanachanganya Ustawi wa Jamii na Maendeleo ya Jamii. Afisa maendeleo yuko na vikundi, miradi na ile mikopo inayotolewa kwa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Afisa ustawi anabeba shauri la mtu au familia: mtoto aliyetelekezwa, matunzo, mgonjwa asiye na ndugu, ndoa inayovunjika. Serikalini ni kada mbili tofauti, kwa hiyo kabla ya kuthibitisha chuo asome matangazo ya kazi ya zamani ya Sekretarieti ya Ajira (wanaoajiri kwa niaba ya serikali) aone jina la shahada linaloandikwa pale.

Darasani atakutana na saikolojia, sheria, sera na utafiti. Hayo yanasomeka. Kinachompa mtu kazi ni ripoti ya uchunguzi wa kijamii, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoanguka. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto akishtakiwa, afisa ustawi anahudhuria Mahakama ya Watoto (kwa Dar ipo Kisutu), na ripoti yake ndiyo inayomwonyesha hakimu maisha ya yule mtoto nje ya kosa. Ili isimame, mwandishi afike nyumbani kwa mtoto, aongee naye faragha, kisha mlezi, mwalimu, na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Alichokiona kwa macho kikae mbali na alichoambiwa. "Familia haina maadili" ni hukumu. "Mama anatoka saa 10 alfajiri kwenda sokoni, watoto wanabaki na jirani hadi jioni" ni taarifa, na inazaa pendekezo linalotekelezeka. Ripoti isiyo na pendekezo, au yenye pendekezo ambalo hakuna aliyeulizwa kama anaweza kulibeba, haimsaidii mtoto yule hata kidogo.

Kwa hiyo fildi (mafunzo kwa vitendo) asiichague kwa ukaribu na nyumbani. Akienda ofisi ya ustawi ya manispaa atajifunza matunzo na usuluhishi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu. Hospitali kubwa kama Muhimbili au Amana atajifunza kumtathmini mgonjwa asiyeweza kulipa, na kutafuta ndugu wa aliyetelekezwa wodini. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Masuala ya Familia Temeke kinamweka karibu na mahakama. Barua za kuomba nafasi zipelekwe mapema, miezi miwili au mitatu kabla, maana wanafunzi wa vyuo vyote wanagombania ofisi zilezile. Na logibuku (daftari la kazi za fildi) ijazwe kila siku, majina ya wateja yasiandikwe.

Ajira za serikali zinachelewa, hilo asifichwe. Lakini ziko pia asasi za watoto, makao ya watoto, na miradi ya VVU na ya ukatili wa kijinsia. Huko kwenye usaili mara nyingi wanakupa kisa useme utaanzia wapi. Aanze na usalama: mtoto yule atalala wapi leo, na nani yuko naye. Wanaoanza na ushauri nasaha wanaonekana mara moja kwamba hawajawahi kushika kesi.