Kesi imeondolewa kortini: nimtafute mheshimiwa wa kupiga simu?

SWALI: Assalaam aleikum wakili. Mdogo wangu alikatwa panga mkononi siku ya mkutano wa siasa hapa Kisauni. Aliyeshtakiwa kwa kumjeruhi vibaya ni kijana wa kampeni wa mwanasiasa mmoja. Mashahidi watatu walikuwa washatoa ushahidi, kisha mwezi uliopita kiongozi wa mashtaka akasimama akaiondoa kesi kwa kifungu cha 87(a). Sasa kuna bwana mmoja wa pale kortini anataka shilingi 60,000 afufue faili kupitia watu wake wa Nairobi. Mjomba asema nisilipe mtu, niende kwa mheshimiwa anayempinga mwanasiasa yule, apige simu. Na familia ya mshtakiwa imetuletea wazee na karatasi ya kutia saini kwamba tumesamehe. Tufuate njia ipi?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, na mpe pole mdogo wako. Katika njia hizo tatu msifuate hata moja.

Nianze na karatasi, kwa sababu hiyo haingoji. Kesi iliyoondolewa kwa kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haijafa. Mshtakiwa ameachiwa tu aende zake. Hakuna mahakama iliyosema hana hatia, na anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilo hilo. Ingeondolewa baada ya yeye kutakiwa ajitetee, ingekuwa 87(b), na hapo ndipo mlango hufungwa. Wazee hao wameletwa kwa sababu wakili wa upande ule anajua mlango ungali wazi. Mkitia saini leo, kesho karatasi ile ndiyo jibu la kwanza mtakalopewa mkiuliza kwa nini faili halifufuliwi: mlalamishi mwenyewe hana haja. Na likifufuliwa, itatolewa tena kortini chini ya kifungu cha 204, ambapo mlalamishi huomba kuondoa malalamiko yake. Hakimu akikubali, mshtakiwa anafutiwa kabisa, harudishwi tena. Upatanisho ambao sheria yenyewe inauhimiza ni wa makosa madogo baina ya watu. Kujeruhi vibaya adhabu yake hufika kifungo cha maisha.

Sasa hilo la simu. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, na si kwako peke yako; sipiti wiki bila mtu kuketi mbele yangu akaniuliza, "Wakili, wamjua nani huko juu?" Watu wameshaamini kwamba kesi ikiguswa na mkono wa siasa, dawa yake ni mkono mwingine mzito zaidi.

Naelewa imani hiyo imetoka wapi. Novemba 2022, kesi ya ufisadi ya shilingi bilioni 7.4 iliyomkabili Rigathi Gachagua, aliyekuwa Naibu Rais wakati huo, iliondolewa kwa kifungu hiki hiki cha 87(a), miezi michache tu baada ya uchaguzi. Mwananchi akiona hivyo, nitamwambia nini? Nikimsomea Ibara ya 157(10) ya Katiba, kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma haombi idhini ya mtu kuanzisha kesi wala hapokei maelekezo ya mtu au mamlaka yoyote, ataniona namsomea hadithi.

Lakini tofauti ya leo na zamani ipo, na imo katika neno moja: ruhusa. Kabla ya 2010, mwenye mamlaka ya mashtaka alikuwa Mwanasheria Mkuu, mshauri wa serikali huyo huyo. Mwaka 1986 alikuwa ameondolewa hata kinga ya kutofutwa kazi ovyo, na majaji nao wakafuata 1988. Kinga hizo zilirudishwa 1990. Mwanasheria Mkuu akitaka kesi isimame, alileta tamko lake la nolle prosequi, yaani kwamba hataki kuendelea na mashtaka, na kesi ikasimama, hakimu atake asitake. Ndivyo ilivyosimamishwa mwaka 2005 kesi ya Tom Cholmondeley, aliyeshtakiwa kwa kumuua afisa wa wanyamapori, Samson ole Sisina. Mwaka uliofuata alimpiga risasi mtu mwingine, Robert Njoya, na 2009 akapatikana na hatia ya kumuua bila kukusudia.

Leo Ibara ya 157(8) inasema Mkurugenzi hawezi kusitisha kesi bila ruhusa ya mahakama. Kwa hivyo siku ile ya kesi ya mdogo wako, kuna hakimu aliyekubali, na alikubali kwa maneno yaliyoandikwa. Je, alitaka sababu? Sababu gani ilitolewa? Nyinyi mlikuwepo? Wengi nikiwauliza hilo la mwisho huinamisha kichwa. Walikuwa nyumbani wakingoja kuitwa.

Nilikuwa kiongozi wa mashtaka kabla sijafungua ofisi yangu. Shinikizo lipo, silikatai. Ila mara nyingi haliji kama amri. Mpelelezi anahamishwa na hakuna anayekabidhiwa faili. Shahidi hapelekewi wito. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, haionekani. Faili "limeitwa Nairobi". Kesi inaahirishwa mara ya tano, mashahidi wanachoka na nauli, kisha mtu anasimama kusema kwa huzuni kwamba ushahidi hautoshi. Sisi watu wa Mombasa tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Ndugu wa Akasha, waliotakiwa Marekani kwa biashara ya dawa za kulevya, walikamatwa hapa Novemba 2014, na kesi ya kuwapeleka Marekani ikaburutwa katika mahakama zetu hadi walipochukuliwa Januari 2017. Ilikuja kuelezwa katika mahakama ya New York kwamba walikuwa wakiwahonga polisi, viongozi wa mashtaka na mahakimu wa huku. Mwaka 2019 mmoja wao, Baktash, alifungwa miaka 25, kule, si hapa.

Mheshimiwa wako akipiga simu atakuwa amefanya nini kuhusu hayo? Hawezi kumrudisha shahidi aliyechoka. Atakalofanya ni kumpa wakili wa mshtakiwa silaha. Nakumbuka mama mmoja ambaye diwani wake alikuja kuketi mstari wa mbele kila siku ya kesi. Wakili wa utetezi hakuuliza sana kuhusu jeraha. Aliuliza nani amemleta mama kortini, nani analipa nauli, na huyu bwana wa mbele ni nani kwake. Kufikia saa sita kesi ya jeraha ilikuwa imegeuka kesi ya vyama. Na Mahakama Kuu inaweza kuzima mashtaka ikiridhika kwamba yameletwa kwa nia nyingine isiyo haki. Kesi yenu ni safi. Msiitie doa kwa mikono yenu.

Huyo bwana wa 60,000 sina maneno mengi naye. Watu wa aina yake wanazunguka koridoni na bahasha, wanajua majina ya makarani na hawajui kifungu kimoja. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016 mtoaji naye ana kosa, na kifungo chake hufika miaka 10. Na mtu asikudanganye kwamba OCS, mkuu wa kituo cha polisi, anaweza kumkamata kijana yule na kumshtaki upya kivyake. Mahakama Kuu ilishaamua 2020 kwamba polisi hawapeleki mashtaka bila idhini ya Mkurugenzi.

Nenda masijala ya mahakama uombe nakala iliyothibitishwa ya mwenendo mzima wa kesi, uusome ukurasa wa siku ile. Kisha mwandikie Mkurugenzi, ukitaja nambari ya kesi, umtake sababu ya kuondoa na umwombe aupitie upya uamuzi huo. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inampa mdogo wako haki ya kuarifiwa na kusikilizwa, na Mahakama ya Juu ilisema wazi 2020, katika kesi ya Waswa, kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki kesi mwenyewe au kupitia wakili wake. Ukiona hakimu alitoa ruhusa bila kupewa sababu, Mahakama Kuu inaweza kuombwa ipitie amri hiyo. Mashtaka ya kibinafsi ya kifungu cha 88 nayo yapo, lakini hayo ni ya mwisho: utatakiwa uonyeshe kwamba ulilalamika kwa wahusika, wakakataa bila msingi. Ndiyo maana hizo barua zenye muhuri zina thamani. Na kesi ya aina hiyo Mkurugenzi hawezi kuichukua bila ridhaa yako, jambo ambalo Mwanasheria Mkuu wa zamani alilifanya apendavyo.

Mashahidi wako watatu wapigie simu leo, ujue wako wapi na kama kuna anayewatisha. Wazee wakirudi wakaribishe, wape kahawa, na karatasi yao irudi nao bila saini.