Re: Kwa nini wanajeshi wa Kimormoni huenziwa ilhali hawakupigana?

Mkuu, umeuliza iweje Wamormoni, waumini wa kanisa lililoanzia Marekani, waliofurushwa jimbo la Illinois, wakubali kuvaa kombati ya serikali ileile iliyowatazama wakifukuzwa. Jibu fupi: njaa. Julai 1846 walikuwa kambini Iowa, kwenye mahema na magari ya ng'ombe, hawana mbele wala nyuma. Rais Polk wa Marekani alikuwa na vita na Mexico, na Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni, alihitaji fedha. Kila askari alipewa dola 42 za sare kwa mwaka. Wengi walibaki na nguo zao kuukuu, sehemu kubwa ya pesa ikaenda kwa familia na kanisa.

Wanaume wapatao 500 wakaanza safari ya kama kilomita 3,200 hadi San Diego, California; wagonjwa wengi waliondolewa njiani, waliobaki wakafika Januari 1847. Kuna mahali jangwani bonde lilikuwa jembamba kuliko magari yao, wakachonga mwamba kwa shoka na mitaimbo hadi yakapita. Kuhusu vita, umesema kweli: pambano lao lilikuwa na mafahali mwitu kando ya mto San Pedro! Nyumbu waliuawa, askari wakajeruhiwa.

Lakini barabara ya magari waliyoifungua ndiyo iliyobaki. Ndiyo maana katika vimiji vya Utah, jimbo walikohamia Wamormoni, Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya Wamarekani kuwakumbuka askari waliokufa, utakuta kibendera kwenye kaburi la askari wa 1846, hatua chache kutoka kwa yule wa Vietnam. Mimi sioni ubaya wowote hapo.